Muulize Shangazi: Tunamwigiza mhubiri wetu, mama ananuna

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tumezaliwa sita, kwetu Magu, wote tumelelewa kanisani, na leo hakuna anayekwenda ila kwenye harusi na misiba. Tukikutana kwa mama, lazima mmoja wetu amwigize mhubiri aliyekuja kijijini tukiwa wadogo. Alikuwa Mtanzania kama sisi lakini alihubiri kwa Kiingereza, na mkalimani wake akiruka anaporuka yeye, akifuta jasho anapofuta yeye. Usiku wa mwisho watu waliitwa walete hirizi na vibuyu. Babu, baba yake mama, alileta ngoma yake, ikachomwa mbele ya jukwaa. Kaka anaigiza mpaka mlio wa ngozi ikipasuka motoni. Sisi tunacheka hadi machozi. Mama, ambaye bado ameokoka, anaondoka zake jikoni. Je, tunakufuru? Na kwa nini mtu anayejua Kiswahili ahubiri kwa mkalimani?
Msomaji, Magu

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na mkalimani, maana ndiye aliyenichekesha peke yangu kwenye daladala.

Hebu jiulizeni mnamwigiza nani. Mlikuwa watoto wa kijijini, Kiingereza hamkijui. Maneno yote mnayoyakumbuka, ya jehanamu na ya mwana mpotevu, yalitoka kinywani mwa mkalimani. Mhubiri aliwapa mikono na mishipa ya shingo tu. Mimi ujanani niliimba kwaya ya mikutano ya injili, tukipangwa kwenye mabenchi nyuma ya jukwaa, na anayekaa huko anaona migongo. Shati la mhubiri lilikuwa limelowa. La mkalimani lilikuwa limelowa zaidi. Asikie, ageuze, apaaze, na kabla hajameza mate sentensi nyingine imeshafika. Wengine walikuwa watundu: mhubiri anasema maneno matatu, mkalimani anakwenda nayo Yeriko na kurudi, na uwanja mzima unaitikia “Amina!”

Kuhusu Mtanzania kuwahubiria Watanzania kwa Kiingereza, tusidanganyane, majivuno yalikuwemo. Kiingereza, jenereta na vipaza sauti vilikuja kwenye lori moja, vikaonekana ni mali moja. Ila kulikuwa na ufundi pia. Kila neno linapiga mara mbili, na mhubiri anapata pumzi huku mwenzake akisema. Billy Graham, mhubiri wa Marekani, alipohubiri Moshi mwaka 1960, aliyemgeuzia kwa Kiswahili alikuwa Festo Kivengere, Mganda wa Kigezi aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma. Naye tayari alikuwa mhubiri wa moto kwa haki yake. Baadaye akawa askofu, akamkimbia Idi Amin mwaka 1977. Kwa hiyo usimwone mkalimani kama kipaza sauti cha pili.

Wala msidhani bila Kiingereza hakuna moto. Askofu Moses Kulola, Msukuma mwenzetu, alitokea kanisa la AIC, akapitia la Kipentekoste la TAG, akaanzisha kanisa la EAGT mwaka 1991, na uwanja ulijaa kwa Kiswahili. Alifariki 2013, na mpaka leo mahubiri yake yanasikika kwenye simu za watu wasiokanyaga kanisa lolote.

Tena sisi Wasukuma si watazamaji wapole. Wazee wetu walizoea mashindano ya Bagika na Bagalu baada ya mavuno: makundi mawili yanacheza kwenye uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Wakimwona mchezaji amepoa, wanahamia upande wa pili bila kuaga. Mimi naamini mhubiri aliyekuja kwetu msimu huo alilijua hilo. Angesimama na kusoma karatasi, angebaki na wazee wa kanisa na mbwa wao.

Sasa la ngoma, na hapa sicheki. Unaniuliza kama mnakufuru. Mungu hana kesi na ninyi. Lakini mama yenu usiku ule alikuwa mtu mzima, anatazama ngoma ya baba yake ikiungua. Labda alifurahi. Labda alisema Amina kwa sauti kuliko wote, na ndiyo maana haukai naye vizuri huo mlio. Kaka yako anapopasua ngozi kwa ulimi, ninyi mnamsikia mhubiri. Yeye anasikia ngoma ya nyumbani kwao. Mwigizeni mhubiri, mkalimani mwongezeeni jasho, ila huo mlio uacheni mpaka mmemuuliza. Na muulizeni kweli: babu alikuwa anapiga ngoma gani, aliipeleka mwenyewe au alishinikizwa, na baada ya pale alipiga nini.

Halafu mchukueni mwende naye Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, hapo Kisesa, barabara hiyohiyo ya kwenu. Padri David Clement, Mkanada, alikusanya huko ngoma za watemi, akaziingiza ngoma za Kisukuma kwenye ibada, na kwenye Bulabo, sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, watu wanacheza. Barabara moja, Wakristo wa huku wanachoma, wa kule wanatundika ukutani. Mama yako akiiona iliyofanana na ya baba yake, mwacheni aseme yeye kwanza.

SWALI: Shikamoo. Bibi yangu wa Bukoba alikuwa Mlokole. Alisimama kwenye ushirika na kutubu vitu vidogo, kama kumnunia jirani kwa ajili ya kuku, na jirani mwenyewe ameketi palepale. Walijifunzia wapi? Mimi sisali tena, lakini nikimkosea mtu silali hadi nimwambie.
Mjukuu, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Chanzo cha uamsho wa Walokole ni Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya wamisionari wa Kianglikana, miaka ya 1930. Kutoka huko uamsho ulishika Uganda, ukafika Bukoba na Kenya. Kivengere niliyemtaja juu alikuwa wa hao. Mtu akishatubu, wenzake walimpokea kwa “Tukutendereza Yesu”, kwa Kiganda, hata kama nusu yao hawakukijua. Wakubwa wa kanisa hawakuwapenda wote: mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, waliokuwa wakiamka alfajiri kusali na kuhubiri baada ya kukatazwa.

Kuhusu usingizi wako, bibi yako alimngoja jirani mpaka siku ya ushirika. Nawe ngoja kupambazuke. Usimpigie mtu simu saa saba usiku kumwomba radhi ya kuku.