Theluji ya Kibo ikiisha, Materuni itakauka?

Hapana dada, maporomoko ya Materuni, hapa juu ya Moshi, hayategemei theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Hata mimi nimekua nikiamini yanaitegemea. Bibi akifungua mfongo, ule mfereji wetu wa Kichaga, kumwagilia migomba alikuwa anasema "hayo ni maji ya theluji", na kwa ule ubaridi wa vidoleni nani angembishia?

Maji ya Karanga, Weruweru na mito mingine ya huku karibu yote ni ya mvua inayonyesha msituni, katikati ya mlima. Msitu ndio tangi letu. Barafu ya juu ni kidogo mno: mwaka 1912 ilifunika kama kilomita za mraba 12, leo hazifiki hata 2. Tena sehemu kubwa inageuka mvuke moja kwa moja kwa jua kali na hewa kavu, bila kudondosha tone. Muulize mgumu yeyote, yaani mpagazi wa mlimani, aliyepanda njia ya Machame: kambi ya Barafu, mita 4,673, jina barafu lakini maji hakuna. Ya kupikia wanayabeba kutoka bonde la Karanga, ndoo na madumu, mlima mtupu.

Kwa hiyo ukiona shoka msituni, hapo ndipo uogope.

Na ukitaka kuogelea hapo Materuni, njoo Juni, masika yakishapita. Maji bado mengi na njia imeanza kukauka. Vaa viatu vyenye meno, yale mawe ya chini yanateleza kama mlenda. Na usikae sana majini, utatetemeka hadi kahawa ikumwagikie.