Projekta Si Nukta

Wadogo zangu wa kazi, jana mmoja wenu kanifungulia plani ya chumba cha maonyesho ya video: ukuta mweupe, na projekta ni kapembetatu kamebandikwa ukutani. Nimecheka, kisha tumbo likaniuma. Hako kapembetatu nakajua. Kaliwahi kuniaibisha hapahapa Lubumbashi, tena mbele ya wenye suti.

1. Korido ya kuingilia ipinde mara mbili, iwe nyeusi, mwanga wa nje ufie humo. Mlango hauhitajiki.

2. Upana wa picha ukizidishwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Usimwahidi mkurugenzi kwamba "tutakuza tu".

3. Pimeni wenyewe, kwa mita zenu. Mimi niliamini plani. Kazi ya msanii ilikuwa video ya treni ya madini inayopita ukuta mzima, mita 7.20, kwa projekta mbili. Lenzi za 1.5, yaani umbali ni mara moja na nusu ya upana wa picha: picha ya mita 4 inataka umbali wa mita 6. Picha mbili zikipandana sentimita 80 ili mshono usionekane, unapata 7.20 kamili. Chumba kilikuwa na kina cha 6.20. Nikajiona bingwa, hata sentimita 20 za kuchezea ninazo!

Kumbe ukuta wa jumba la makumbusho hautobolewi, kwa hiyo seremala akasimamisha wa plaiwudi mbele yake: sentimita 25 zimekwenda. Projekta ina mwili: 45. Mgongoni ina kebo, na joto linatafuta pa kutokea: 30. Toeni wenyewe. Zilibaki mita 5.20, yaani picha ya mita 3.47.

Ijumaa, saa nne usiku, tukawasha. Treni ikaja vizuri, ikafika katikati, ikafifia, ikamezwa na giza la sentimita 26, halafu kipande kilekile kikazaliwa upya upande wa pili. Msanii alikuwa amekunja mikono. "Mukubwa, treni yangu imepata ajali?"

Sikuwa na jibu. Tukasogeza picha mpaka zikapandana, ukuta ukabaki mtupu karibu nusu mita kila upande. Nikachukua rangi nyeusi iliyobaki kwenye korido, nikapanda ngazi, nikapaka mpaka alfajiri. Msanii alinishikia tochi bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

4. Mvua za Novemba zikigonga mabati, hamna spika itakayoshinda. Angalieni paa kwanza. Na onduleri, betri ya kushikilia umeme, muweke: umeme ukikatika, feni nazo zinasimama wakati projekta bado inachemka.

5. Rangi iwe isiyong'aa, na ipewe muda wa kukauka. Yangu haikupewa. Jioni ya ufunguzi, bwana mmoja wa koti jeupe akaegemea palepale, akatazama treni mpaka mwisho, akaipigia makofi. Kisha akaniuliza choo kiko wapi. Nilimsindikiza mwenyewe, nikitembea nyuma yake pua kwa mgongo, ili watu wasione.