Andika maelezo ya zana kana kwamba msomaji hana namba yako ya simu

Wakala ninayemzungumzia hapa si yule wa mobile money anayekaa kibandani, ingawa huyo naye ataingia baadaye. Nazungumzia wakala wa akili mnemba: programu unayoipa kazi, ikachagua yenyewe zana, yaani vipande vya programu vya kufanya kazi moja moja, na kuzitumia bila mtu kusimama nyuma yake.

Mwaka jana niliunda zana kama hizo kwa kikundi kinachonunua mahindi ya wakulima huku kwetu Busia, upande wa Uganda. Zana ya kulipa niliiita tuma_malipo, na maelezo yake yalikuwa maneno mawili tu: "Hutuma malipo." Kwangu yalitosha, maana msimbo, yaani maagizo ya programu yenyewe, niliuandika mwenyewe. Siku ya majaribio, na nashukuru pesa zilikuwa za bandia, nikamwambia wakala amlipe mkulima shilingi 50,000. Akatuma 5,000,000.

Jioni nzima nilitafuta kosa kwenye msimbo, nisilione. Kosa lilikuwa kwenye yale maneno mawili. Mifumo mingi ya malipo huhesabu pesa kwa senti, na modeli, yaani akili mnemba iliyo ndani ya wakala, kwa kuwa haikuambiwa lolote, ilikisia hivyo hivyo ikazidisha kwa 100. Shilingi yetu haina senti. Hata kwenye orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, haina tarakimu yoyote baada ya nukta, ilhali za Kenya na Tanzania zina mbili. Mimi nilikua nikitumwa dukani kwa shilingi hizo. Modeli haijawahi kutumwa dukani Busia.

Wakala haoni msimbo wako. Anaona jina la zana, maelezo yake, na vigezo vinavyotakiwa (kama kiasi na namba ya simu), basi. Ndivyo ilivyo pia kwenye Model Context Protocol, utaratibu wa kuunganisha akili mnemba na zana, uliotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024. Kwa hiyo maelezo ya tuma_malipo niliyaandika upya hivi:

"Hutuma pesa kwenye simu ya mkulima mmoja. Kiasi ni shilingi za Uganda, namba nzima, bila mkato: 50000 ni elfu hamsini. Simu ni tarakimu 12 zinazoanza na 256, bila alama ya kujumlisha. Usiitumie kurudisha pesa. Kwa hilo kuna rudisha_malipo."

Sentensi mbili za mwisho ndizo wengi huzisahau. Zana mbili zikifanana, sema wazi ipi si ya kazi gani. Na zana ikipokea muda, taja kwamba saa tatu asubuhi huandikwa 09:00, la sivyo siku moja gari la kubeba mahindi litaitwa usiku wa manane.

Ujumbe wa hitilafu nao ni sehemu ya maelezo, tena pengine ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote. Wangu ulisema "Hitilafu 500". Mtandao ulipokwama katikati ya malipo, wakala alifanya ambalo yeyote angefanya: akajaribu tena, na tena. Mkulima mmoja akalipwa mara tatu, kwa bahati nzuri bado kwenye majaribio. Siku hizi ujumbe unasema: "Jibu la mtandao halijafika. Malipo huenda yamepita. Usitume tena, angalia kwanza kwa hali_ya_malipo." Bila shaka nilifunga mlango huo kwenye msimbo pia, kwa kila malipo kupewa namba yake ya muamala isiyolipika mara mbili. Maelezo hayawi kufuli.

Kabla ya kumkabidhi wakala kazi halisi, nilimpelekea maelezo binamu yangu mwenye kibanda cha mobile money karibu na mpaka. Hajui programu hata kidogo. Nilimwambia, "Dada, jifanye ndiye unayelipa, na huruhusiwi kuniuliza kitu." Akasoma polepole huku akihudumia wateja, kisha akavunja sharti.

"Kaka, jina likitokea si la huyo mkulima, nafanyaje?"

Yeye kila siku husoma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kubonyeza namba ya siri. Mimi sikuwa nimeliandika popote. Usiku ule niliongeza zana ya thibitisha_jina, na juu kabisa ya maelezo ya tuma_malipo nikaweka: "Ita thibitisha_jina kwanza. Jina lisipolingana, simama umwulize karani."