Usilinganishe ada peke yake
Umeuliza uchukue chuo chenye ada ndogo au kile ghali kilichokuahidi "msaada" mkubwa. Jumlisha kwanza ada, malazi, chakula, vitabu na nauli za mwaka mzima, kisha toa ruzuku na ufadhili tu, yaani pesa usizorudisha. Mkopo usiutoe. Barua nyingi za vyuo zinazoorodhesha msaada huuchanganya humo humo, ikaonekana umesaidiwa sana, na hapo ndipo wengi huingia mkenge. Kinachobaki ndicho mzigo wako halisi. Halafu viulize vyuo vyote viwili, tena kwa maandishi: ufadhili ni wa mwaka wa kwanza tu au hadi umalize? Alama zikishuka unakatwa? Na riba ya mkopo inaanza kuhesabiwa ukiwa bado darasani, au baada ya kuhitimu?