Anakesha akisoma, kwenye mtihani anasahau

Pole sana, dada. Nimekuelewa: mwanao wa kidato cha nne hapo Dodoma anakesha hadi saa tisa usiku, kisha kwenye mtihani moyo unamwenda mbio na yote yanafutika. Na kuna mtu anakuuzia vidonge vya kuongeza akili.

Vidonge achana navyo. Anza na usingizi. Tukilala, ubongo unaendelea kuyatia nguvu tuliyojifunza mchana. Akikesha anaikatiza kazi hiyo. Saa nne usiku alale, simu ibaki chumbani kwako.

Halafu abadili usomaji. Kurudia daftari kunadanganya, maana maneno yanazoeleka machoni tu. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapima wanafunzi wa chuo: baada ya wiki, walioandika walichokumbuka bila kuangalia walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kwa hiyo afunge daftari la baiolojia, achore moyo na mishipa yake kwenye karatasi tupu bila kuchungulia, ndipo afungue ajisahihishe. Arudie baada ya siku mbili, kisha wiki. Mwanzoni inachosha kweli, mvumilie.

Hofu kidogo ni kawaida. Lakini akiwa na huzuni isiyoisha kwa wiki mbili, hali chakula, au anasema heri afe, usingoje mtihani upite: usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hapo mjini mnayo Mirembe, hospitali ya afya ya akili, na kwenda huko si aibu hata kidogo.