Wikiendi ya mtu wa kujitolea ugenini: mmeuliza, nami najibu

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa vijana walioko nje kwa kazi za kujitolea, na cha ajabu wachache sana wameuliza kuhusu kazi yenyewe, karibu wote wanauliza kuhusu Jumamosi na Jumapili. Nimeona niwape ukurasa mzima maana ni jambo ninalolijali sana, mtu anafundishwa kila kitu kuhusu kazi kabla ya kuondoka alafu hakuna anayemwambia atazimalizaje zile siku mbili ambazo hakuna kazi.

Shikamoo anti. Nipo nje kwa mwaka mmoja nafundisha kwa kujitolea. Siku za kazi niko poa maana narudi jioni nimechoka nalala, shida ni wikiendi. Wenzangu tunaokaa nao nyumba moja kila Ijumaa jioni mabegi mgongoni wanaondoka, mara ufukweni, mara mlimani, nikienda nao posho inakata kabla mwezi haujafika katikati, nikibaki nashinda kitandani na simu naangalia picha za watu wa nyumbani roho inauma. Na nikienda, Jumatatu nasikia aibu maana mwalimu mwenzangu mwenyeji hajawahi kufika huko nilikotoka. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hiyo aibu kwanza. Kupumzika kumo ndani ya makubaliano ya kazi za kujitolea, sio zawadi ya mtu. Angalia mpango wa Umoja wa Ulaya unaoitwa European Solidarity Corps, kijana anajitolea kati ya saa 30 na 38 kwa wiki na anapewa siku mbili za likizo kwa kila mwezi, na Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalopeleka watu wake kujitolea nje, nao ni hivyo hivyo siku mbili kwa mwezi. Waliopanga hivyo wanajua mtu aliyechoka hafundishi wala hahudumii mtu. Kwaiyo haki yako ipo, tembea. Ila huyo mwalimu mwenzako usimfiche wala usimringie, mwambie mbona tusiende siku moja sehemu ambayo na yeye nauli yake anaiweza, akupeleke mwenyewe panapomfurahisha. Mwenyeji akikutembeza unaona vitu ambavyo gari la watalii halisimami kabisa.

Pesa sasa. Posho ya kujitolea imepigiwa hesabu ya kujikimu, sio ya kuzunguka nchi nzima, na wenzako inawezekana wanaongezewa kutoka kwao, usishindane nao. Siku posho inapoingia toa kwanza nauli ya kazini, chakula, vocha na akiba ya dharura, kinachobaki ndio cha kutembelea, na mimi kwa maoni yangu safari kubwa moja kwa mwezi inatosha sana, wikiendi zingine tatu kaa hapo hapo ulipo. Wenzako waambie wazi tu kwamba mwezi huu nimeshatoka, mtu muungwana ataelewa.

Na hapo kwenye kubaki ndipo penye utamu mwenyewe, niamini. Kuna mwanaanthropolojia, yani mtaalamu wa tamaduni za watu, anaitwa Kalervo Oberg, alifanya kazi na wataalamu wa Kimarekani waliopelekwa Brazil, mwaka 1960 aliandika kuhusu mshtuko anaoupata mtu akihamia kwenye utamaduni mwingine. Alisema mwanzoni kila kitu kinakupendeza, alafu kinakuja kipindi kigumu, kila kitu kinakera, na watu wa kipindi hicho hukimbilia kukaa na wageni wenzao na kuwasema wenyeji, baadaye ukishaanza kuielewa lugha na njia za pale unapata nafuu mpaka unazoea. Sasa jiulize, lugha na njia za pale utazijua lini kama kila Ijumaa unaondoka na wageni wenzako? Siku za kazi wewe ni mwalimu, watu wanakuongelesha kwa heshima na kwa haraka, lakini Jumamosi sokoni, kwenye mechi ya mtaani, kwenye ibada kama ni mtu wa ibada, pale unakuwa jirani. Mwenye genge akikuona wiki ya tatu mfululizo anaanza kukurekebisha lugha bila kuona haya. Ukialikwa harusini nenda. Ukialikwa msibani nenda pia, hata ukikaa kimya tu.

Simu usiiache kabisa, ila ipangie muda, piga nyumbani Jumapili saa moja nzima mcheke mmalize, kuliko kushinda unachungulia picha siku nzima bila kuongea na mtu hata mmoja. Na kama huzuni haikutoki wiki kadhaa, hulali, huli, mwambie mratibu wako na uonane na mtaalamu wa afya, usisubiri mwaka uishe.

Habari dada. Nina miaka 29, nimeanza kujitolea nje mwezi huu. Ofisi inataka niandike kila ninapolala nje ya kituo, hata usiku mmoja, na wamesema likizo sipewi kwanza. Mimi ni mtu mzima, naona kama nafungwa.

Salama kaka. Hapo sikuungi mkono. Hao Peace Corps niliowataja hawatoi likizo kwenye miezi mitatu ya mwanzo wala mitatu ya mwisho, isipokuwa kwa dharura, kwaiyo ofisi yako haijakuonea wewe peke yako. Kuandika unapolala ni kwa sababu ikitokea ajali, mafuriko au vurugu, mtu wa kukutafuta aanzie mahali. Tuma ujumbe mfupi tu: naenda wapi, nalala kwa nani, namba ya mwenyeji, narudi lini, basi, dakika moja umemaliza.

Ila kuna mpaka. Kutaka kujua uko wapi ni sawa, kukukataza kutoka hata mchana siku yako ya mapumziko bila kukupa sababu ya usalama sio sawa, na paspoti yako hawatakiwi kuishikilia. Wakisema wanaipeleka uhamiaji kwa ajili ya kibali waombe maandishi yanayosema itarudi lini, wewe baki na kopi. Ikigoma kurudi, nenda ubalozi wako.

Anti, tunataka kukodi pikipiki wikiendi ndefu tuvuke mpaka tukaone nchi jirani. Kuna cha kuangalia?

Kipo, tena kingi. Viza kwanza. Kama yako ni ya kuingia mara moja, ukitoka imeisha hiyo, unaweza kukwama upande wa pili na Jumatatu darasa linakusubiri. Pili cheti cha homa ya manjano, baadhi ya nchi zinakidai mpakani na kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwaiyo kuchanjwa Alhamisi ili uvuke Jumamosi hakusaidii. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, ukishakuwa nacho kitunze na paspoti.

Pikipiki sasa, hapa naomba unisikilize vizuri. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 hivi wanakufa barabarani kila mwaka, na wapanda pikipiki wamo kwa wingi. Peace Corps wamewakataza watu wao pikipiki kwenye nchi nyingi na anayevunja anaweza kurudishwa nyumbani. Alafu soma karatasi za bima yako yani usome kweli, bima nyingi hazilipi kama ulikuwa unaendesha pikipiki bila leseni inayotambulika nchi ile, na wengine wamekatiwa bima ya nchi moja tu, ukivuka mpaka huna kitu. Mimi ningepanda basi la mchana, nikakaa kwenye siti yenye mkanda, usiku nisisafiri. Mtachelewa kidogo, sawa tu.

Dada, kuna kituo cha yatima wanakaribisha wageni Jumamosi, unacheza na watoto, mnapiga picha, mnachangia. Tumependa twende kama kikundi.

Msiende. Najua mna moyo mzuri, lakini mtoto anayekumbatiwa na mgeni mpya kila Jumamosi anaachwa kila Jumapili, na watoto wengi kwenye vituo vya aina hiyo wana mzazi aliye hai, ni umasikini tu umewatenganisha. Palipo na wageni wenye hela wapo watu wanaokusanya watoto makusudi. Jambo hili ni zito mpaka Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwenye azimio lake la haki za mtoto, lilizitaka nchi zishughulikie madhara ya kujitolea kwenye vituo vya yatima, pamoja na kule kwa kitalii. Mchango wenu upelekeni kwa wanaosaidia familia zikae na watoto wao. Picha nazo, mtoto wa mtu hapigwi picha ya kuweka mtandaoni bila ruhusa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, hata hapo shuleni mnapofundisha.

Anti, Jumamosi yangu yote inaishia kufua na kuosha vyombo vya wenzangu. Tuko watano.

Pole sana mdogo wangu. Itisha kikao Alhamisi kabla hawajafunga mabegi, mpange zamu na iandikwe ibandikwe jikoni, anayesafiri zamu yake aifanye kabla ya kuondoka au abadilishane na mwenzie. Nguo fua kidogo kidogo katikati ya wiki jioni. Wakigoma mpelekee mratibu, hiyo nayo ni kazi yake.