Kumtafuta babu wa Kiingereza: cheti kwanza, kitabu cha kanisa baadaye

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kumtafuta baba mzazi wa bibi yako, Mwingereza aliyekuja Tanganyika kwenye mashamba ya mkonge. Una jina lake, una mji wa Leeds, na umeambiwa alizaliwa "kama 1890 hivi". Hayo yanatosha kuanza. Ila usikimbilie kuandika jina kwenye tovuti na kujichukulia mti wa ukoo uliochorwa na mtu mwingine. Jina kama William Taylor lilibebwa na watu wengi pale Leeds, na miti ya mtandaoni hunakiliwa makosa yake yote. Kila kizazi kishikwe na karatasi mbili zinazokubaliana, ndipo upande kwa aliyemtangulia.

Anza na alivyovuka bahari. Faharasa za usajili za Uingereza na Wales zinaorodhesha matukio ya huko tu, kwa hiyo ndoa iliyofungwa Tanga hutaikuta humo. Kuna orodha za abiria waliosafiri kutoka bandari za Uingereza kwenda mbali, nje ya Ulaya, kuanzia 1890 hadi 1960. Zimehifadhiwa Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, kwa alama BT 27, na tovuti ya utafiti wa ukoo ya Findmypast inazo. Tafuta meli za Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Utapata umri na kazi yake, na kwa safari za miaka ya baadaye, anwani ya mwisho aliyokaa Uingereza. Angalia pia kalenda ya mirathi ya Uingereza na Wales, yaani orodha ya kila mwaka ya marehemu walioacha mali, inayoanzia 1858. Aliyefia koloni huku akiwa na mali kwao huwa anaandikwa humo.

Umri ulioupata kwenye orodha ya abiria ndio unaokupa mwaka wa kutafuta kuzaliwa. Usajili wa serikali ulianza 1 Julai 1837, na faharasa zake zimepangwa kwa robo za mwaka: Machi, Juni, Septemba, Desemba. Robo ni ya siku ya kuandikishwa, si ya kuzaliwa. Wazazi walipewa siku 42, hivyo mtoto wa Desemba 1889 mara nyingi utamkuta robo ya Machi 1890. Panua utafutaji miaka 2 mbele na 2 nyuma, kwa sababu umri wa kwenye orodha za meli nao si wa kuaminika sana.

Faharasa ya zamani haionyeshi jina la ukoo wa mama mpaka robo ya Septemba 1911, na hapo ndipo watu wengi huokota mtoto wa nyumba nyingine. Dawa yake ipo. Ofisi kuu ya usajili, GRO, imetengeneza faharasa mpya mtandaoni inayoonyesha jina la mama kabla hajaolewa tangu 1837, na kufungua akaunti ni bure. Itumie sambamba na FreeBMD, tovuti ya faharasa za vizazi, ndoa na vifo, ambayo nayo ni bure na inakupa wilaya, juzuu na ukurasa (Leeds ya miaka hiyo ni juzuu 9b). Sehemu ya jina la mama ikiwa tupu, mara nyingi mtoto alizaliwa nje ya ndoa. Tangu 1875 baba wa mtoto wa namna hiyo aliandikwa tu kama alikwenda mwenyewe na mama wakatia sahihi pamoja.

Ukishampata, agiza nakala. Ya PDF ni nafuu kuliko ya karatasi na habari ni zile zile. Ukiona saa imeandikwa kando ya tarehe ya kuzaliwa, shuku pacha na umtafute mwenzake kwenye wilaya na robo ileile. Kumbuka pia kwamba vitabu vya GRO ni nakala zilizotumwa na wasajili wa wilaya kila robo. Ukitaka kuona sahihi halisi ya mtu, iko kwenye kitabu cha wilaya au cha kanisa.

Sasa tafuta ndoa ya wazazi wake. Hicho ndicho cheti ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, pamoja na kazi zao. Mama zao hawamo. Uingereza na Wales walianza kuwaandika Mei 2021 tu. Faharasa ya kabla ya 1912 haikuambii nani alimuoa nani, kwa hiyo tafuta bwana peke yake na bibi peke yake, kisha linganisha mwaka, robo, wilaya, juzuu na ukurasa. Vyote vitano lazima vilingane, na bado ukurasa mmoja unaweza kuwa na ndoa zaidi ya moja. Umri ukiandikwa "mtu mzima" maana yake ni miaka 21 au zaidi, basi. Baba kutoandikwa marehemu si ushahidi kwamba alikuwa hai. Na aliyezaliwa nje ya ndoa wakati mwingine alijitungia baba siku hiyo ili asiaibike, kwa hiyo jina la baba lisilopatikana popote pengine lichukulie hivyo.

Thibitisha kwa sensa. Ile ya 5 Aprili 1891 ingemwonyesha akiwa mtoto mchanga nyumbani kwao. Ya 1911 ni hazina: mke aliyeolewa anaandikiwa miaka ya ndoa, watoto aliozaa hai, walio hai na waliokufa. Hesabu hiyo ikikataa kulingana na vyeti ulivyokusanya, kuna mtoto hujamwona au umeingiza asiye wenu. Ukirudi hadi 1841, umri wa waliozidi miaka 15 ulitakiwa kushushwa hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano, hivyo 30 inaweza kuwa 34.

Kabla ya Julai 1837 unaingia kanisani. Vitabu vya parokia viliamriwa 1538, ingawa vingi vya mwanzo vimepotea, na miaka ya 1653 hadi 1660 ina mapengo makubwa. Kitabu kikikosekana, uliza nakala zilizopelekwa kwa askofu. Ubatizo kuanzia 1813 una fomu iliyochapwa yenye kazi ya baba na makazi. Kabla ya hapo mara nyingi ni "William, mwana wa John" tu. Yorkshire, jimbo lenye mji wa Leeds, ina bahati: tangu miaka ya 1770 hadi 1812 baadhi ya parokia zilifuata mtindo wa kasisi William Dade, unaotaja hadi babu na bibi wa mtoto. Leeds yenyewe ilikuwa parokia kubwa yenye makanisa madogo ndani yake, kama Hunslet, Holbeck na Armley, kwa hiyo ubatizo unaweza kuwa Armley na ndoa ikawa St Peter's mjini. Kati ya 1754 na 1837 hata Wamethodisti na Wakatoliki walilazimika kufunga ndoa kanisa la Anglikana. Wakweka na Wayahudi tu ndio waliosamehewa.

Angalia tarehe. Kabla ya 1752 mwaka ulianza 25 Machi, hivyo 10 Februari 1720 ya kitabuni ni 1721 yetu. Iandike 1720/21. Bila hivyo utaona mtoto amebatizwa kabla wazazi hawajaoana.

Ikitokea ukoo ulitoka Uskoti, usajili huko ulianza 1855 na unapatikana kwenye tovuti ya ScotlandsPeople. Cheti chao cha kifo kinataja wazazi wote wawili.

Na kila ukipata ubatizo unaokufaa, kabla hujaunganisha, pitia vitabu vya maziko vya parokia ileile kwa miaka 10 inayofuata. Watoto wengi walikufa wachanga, na jina lao alipewa mdogo wao aliyezaliwa baadaye. Ukiruka hatua hiyo, unaweza kumpa uzao mtoto aliyezikwa na umri wa wiki 3.